Inua Miguu Nifagie

Mgongo wa fundi cherehani uligoma siku moja akiwa amekazana kushona sare za shule, na kwa miezi minane akawa mtu wa kulala chali sakafuni, sebuleni kwa kaka yake. Kila asubuhi wifi yake alimsimamia na ufagio: "Inua miguu nifagie!" Hakuna pole, hakuna umeamkaje.

Basi fundi akawa anainua. Wa kulia, wa kushoto, yote miwili, huku akivuta pumzi ndefu ili asimtukane mwenye nyumba. Mwezi wa tisa akasimama wima, akashangaa kuliko hata daktari.

Cherehani akaiuza, akapanga chumba, akatandika mikeka sita, akabandika bango mlangoni: MAZOEZI YA MGONGO NA PUMZI. Watu wakamiminika: makarani, madereva, hadi mwalimu mkuu mzima, kalala chali na soksi zake zilizotoboka.

Jumatatu moja akaingia wifi, amepinda kama ndoano, mkono kiunoni. Miaka yote ile ya kuinamia ufagio ilikuwa imemfikia.

"Wifi yangu wa pekee," alisema kwa sauti tamu ajabu, "nisaidie."

Fundi akamlaza kwenye mkeka wa mbele, taratibu, kwa heshima zote. Kisha akaenda pembeni, akarudi na ufagio.

"Haya, wifi. Inua miguu nifagie."

Wifi akamkodolea macho, akafumba mdomo, akavuta pumzi ndefu kuliko zote zilizowahi kuvutwa chumbani humo.

"Hapo hapo," fundi akasema. "Umeshaanza kupona."