Nguvu Ambazo Marlys Hakuziomba

Dada yangu Marlys aliniita kwake Duluth Jumapili mchana, kwa sababu ya amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ya mumewe. Nilipofungua mlango, ugomvi ulikuwa umeshapamba moto.

"Kaka, mwambie huyu! Nataka kusikiliza muziki wangu wa polka nikimenya viazi. Kitufe cha sauti nikikizungusha kidogo, kimya. Nikiongeza kiasi cha unywele, sahani zinaruka kabatini! Leo amplifaya itoke, au nitoke mimi."

Mumewe, Orrin, alikunja uso. "Si ndiyo maana nimeleta kubwa zaidi? Yenye nguvu hucheza vizuri hata kwa sauti ya chini."

Ilikuwa amplifaya yake ya tatu, na kila moja ilizidi iliyotangulia kwa nguvu. Mimi niliwahi kufanya ujinga huohuo mpaka mke wangu akahama, kwa hiyo sikumcheka sana.

"Shemeji, umefunga trekta kwenye kigari cha mtoto," nilimwambia. Nikatoa mfukoni plagi mbili ndogo za kupunguza nguvu ya mawimbi ya sauti, nikazichomeka kati ya mashine ya santuri na amplifaya.

"Unaikaba koo!" Orrin alifoka. "Nguvu zote hizo ziende wapi?"

"Zikae hukohuko. Nani aliziomba?" Marlys alimjibu, akazungusha kitufe. Kilifika robo, kikafika nusu, na sauti ya kodiani ikapanda polepole mpaka ikatosha jiko tu. Sahani zilitulia.

Orrin alitoka kwenda kununa gerejini, akaubamiza mlango. Sahani moja ikaanguka, ikapasuka.

Marlys aliurudia ubao wake wa viazi. "Kaka," alisema, "plagi ya kumpunguza huyu hukuja nayo?"