Uvimbe wa Ukumbi

Asubuhi ya mkutano mkuu wa Chama cha Watafiti wa Kinga ya Mwili, projekta iligoma kama kawaida yake, na wanachama wakaendelea kunywa chai kwa vikombe vya karatasi mpaka fundi alipoigonga ubavuni. Ndipo mwenyekiti akamwita dokta wa maabara ya seli. Miaka yote matokeo ya dokta huyu yalisomwa na profesa wake, kwa jina la profesa. Safari hii alikuwa amepiga moyo konde akaomba kuyasoma mwenyewe.

Alipokanyaga jukwaa, kuta zilianza kuwa nyekundu. Zikapata joto, zikavimba taratibu kuja ndani, na waliokaa pembeni wakasogeza viti.

"Mwitikio wa kawaida," alisema mzee wa safu ya mbele, akivua koti. "Ukumbi umeona kitu kigeni."

"Mimi mgeni?" dokta aliuliza. "Hivyo viti mlivyokalia, kila mwaka nani anavipanga?"

Wanachama walikuwa wameshaanza kubishana kama ukumbi ulikuwa unakutana naye mara ya kwanza, au ulishamkariri zamani, kama mwili unavyomkariri mdudu wa ugonjwa. Mmoja alitoa kipimajoto mfukoni akakibandika ukutani. Watu hawa nyumba ikiwaka moto, kwanza wataupima moto. Kwa nini ukumbi haukuwahi kumvimbia profesa kwa kazi ya mtu huyuhuyu, hakuna aliyeuliza.

Wakamjaribisha. Alishuka, kuta zikapoa. Alipanda, zikavimba, na dari nayo ikashuka mpaka ikagusa kipaza sauti. Profesa, ambaye alimfundisha na kwa kweli alimpenda, alivua koti lake akamvalisha. Wekundu ukapungua nusu.

"Sasa binti yangu, anza na 'kwa niaba ya profesa'," alimnong'oneza. "Usije ukatubana humu tukafa."

Dokta aliitazama slaidi ya kwanza. Ilikuwa na jina lake, na alikuwa amelichagulia herufi kubwa. Alikuwa amechoka, amechoka hata kukasirika.

"Kwa niaba ya profesa," alisema.

Kuta zikanywea, na feni zikasikika tena. Alijikaza kisabuni akasoma mpaka mwisho, vizuri kabisa. Wakampigia makofi, kisha wakapanga foleni kumpa profesa mkono. Kamati ikapitisha kwamba mwakani dokta aletwe kwa dozi ndogo ndogo, aanzie kusimama mlangoni, mpaka ukumbi umzoee. Koti, profesa alimwambia abaki nalo, litamfaa.

Jioni mama yake alipiga simu.

"Umesoma, mwanangu?"

"Nimesoma, mama."

"Na jina lako wamelisikia?"

Dokta alikuwa bado hajalivua lile koti. Mikono ya koti ilikuwa mirefu, imemfunika vidole vyote, na simu ilikuwa inamteleza.

"Ukumbi ulikuwa na joto, mama," alisema. "Lakini baadaye ulipoa."