Mafundo ya Nyuma ya Redio

Wateja wananiita Mama Fyuzi. Si jina nililopewa na wazazi wangu, na wanaolitamka hulitamka wakiwa wamesimama mbali kidogo. Wanasema nakatika upesi. Ni kweli. Mimi ni fundi umeme wa magari, mwanamke peke yangu katika barabara yenye gereji saba, na kwa upole nisingefika hapa.

Kazi nilifundishwa na kaka yangu. Tulifanya pamoja miaka ishirini na miwili chini ya paa hili hili la mabati, na sasa huu ni mwaka wa sita hatusemezani. Anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa. Wifi yangu, mkewe, ndiye anayepita na salamu, za kwake na za watoto. Za kaka hazimo, na wifi hajisumbui kunidanganya kwamba zimo. Kigoda cha kaka bado kiko kando ya benchi. Mteja akitaka kukikalia namwambia kimevunjika mguu. Hakijavunjika. Nataka arudi akikalie, basi, na kwa miaka sita sijapata ulimi wa kumwambia.

Tuligombana kwa sababu ya gari la mwenye duka la vitambaa. Kaka alikuwa ameanza kufunga redio, homa ikambana, akaenda nyumbani mapema. Jioni ile nikamsaidia: nikazipanga nyaya zake, nikazitia tepu za rangi, nyekundu kwa waya wa moto, kijani kwa nyaya za spika, mpaka raha kutazama. Asubuhi akaja, mteja kamsimamia kichwani, na betri ilikuwa imefunguliwa kama inavyotakiwa, kwa hiyo taa ya kupimia isingewaka. Akaunga. Tulipoirudisha betri na kuwasha gari kukatoka moshi, redio ikaungua na kipande cha dashibodi kikayeyuka. Alikuwa ameunga nyekundu na kijani.

Nikamtolea uvivu mbele ya watu. "Nyekundu na kijani, kaka! Mtoto wa chekechea anazijua! Hayo macho kichwani yana kazi gani?"

Alifuta mikono, akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja kwenye mfuko, akaondoka bila haraka. Nilidhani atarudi baada ya chakula cha mchana.

Basi, Jumatatu iliyopita asubuhi akaja Mkunga na gari lake. Wote tunamwita Mkunga ingawa amestaafu zamani. Nusu ya watu wa barabara hii walipitia mikononi mwake, mimi nikiwamo. Gari lake ni la zamani, la taa za duara na bampa ya chuma, kijani mwili mzima, na dashibodi yake ni ya mbao iliyopakwa vanishi. Katikati ya mbao hiyo kuna redio yenye vifungo viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti, kimoja cha kutafutia stesheni.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba. Mama Fyuzi, redio yangu imekuwa bubu. Tangu juzi inakoroma, jana ikakata kauli kabisa. Vijana wa pale chini wanataka kuing'oa waniwekee ya kisasa inayowakawaka. Nikawaambia hiyo disko wakawafungie mama zao."

Nikacheka. "Unataka hii hii?"

"Hii hii. Nimeendesha nayo usiku na mchana kwenda kuzalisha watu, tumezoeana. Aliifunga kaka yako, mwaka wa kwanza nilioshika usukani, wewe bado hujaanza kazi. Yuko wapi siku hizi? Alikuwa kila akiniona ananiambia, 'Mkunga, hilo gari lako la kahawia halizeeki.' La kahawia! Mtani wangu yule."

Nikamwambia yupo. Akanitazama kwa jicho la watu waliozoea kusubiri, akaniachia ufunguo, akaenda zake kwa miguu.

Redio ya aina ile haitolewi kwa nguvu. Kwanza nikafungua betri upande wa hasi. Nikavuta vile vifungo viwili, na nyuma yake zikaonekana nati mbili nyembamba, nikazilegeza kwa spana ndogo huku nimeweka kitambaa ili mbao isikwaruzike. Kisha nikalala chali kwenye sakafu ya gari, miguu iko nje, kichwa kiko chini ya usukani, nikafungua kile kipande cha bati kinachoishikilia kwa nyuma. Nikachomoa waya wa antena. Redio ikashuka kifuani kwangu, nzito, imejaa vumbi la miaka thelathini.

Na nyuma yake nikayaona mafundo.

Mafundo ya kaka nilikuwa nayajua. Kila alipofunga kifaa, waya alioupima kwa taa aliupiga fundo dogo karibu na ncha. Nililichukulia kuwa zoea lake tu, kama mtu anayepiga mluzi akifanya kazi. Hata udhia ulinipata, maana mimi napenda nyaya zilale sawa kama nywele zilizosukwa. Lakini kazi yake ilikuwa yake na yangu ilikuwa yangu. Alikuwa akisema, "Mdogo wangu, kazi yangu usiiguse," nami nikadhani ni ukubwa unamsumbua. Na kwa kuwa kazi yake haikuwahi kurudi na ubovu, sikupata hata siku moja kufungua viungo vyake vya zamani.

Sasa nikavifungua. Tepu ilikuwa imekauka, ilidondoka yenyewe nilipoigusa. Ndani, waya mwekundu umeungwa na wa kijani. Wa kahawia umeungwa na mwekundu. Wa kijani umeungwa na wa kahawia. Nikatukana, nasema ukweli. Nikasema huyu mtu tangu ujana wake alikuwa haangalii anachofanya.

Nikachukua taa ya kupimia ili nione makosa yake yalipo. Nikarudisha betri, nikapima waya mmoja baada ya mwingine. Makosa hayakuwapo. Waya wa moto usiokatika hata gari likizimwa ulikuwa na fundo moja upande wa gari, na ule uliotoka kwenye redio ulikuwa na fundo moja. Wa kupitia swichi ya ufunguo, mafundo mawili kwa mawili. Wa spika, matatu kwa matatu. Usio na fundo ulikuwa wa hasi, umefungwa kwenye bodi. Rangi hazikulingana hata mahali pamoja, na kila kitu kilikuwa sawasawa. Redio ilinyamaza kwa sababu ganda la waya mmoja lilikuwa limepasuka kwa uzee, basi. Miaka thelathini ilikuwa ikiimba hivyo hivyo.

Nikabaki nimelala chini ya dashibodi ya watu, taa mkononi.

Nikamkumbuka kaka tukiwa wadogo, ametumwa nyanya zilizoiva, amerudi na mbichi kikapu kizima, mama anamshika sikio na kumwambia anafanya makusudi. Nikamkumbuka na soksi moja ya kijani na moja ya kahawia, mimi namcheka. Katika miaka ishirini na miwili hakupata kuniambia "nipe waya mwekundu". Alisema "nipe ule wa kulia", "nipe ule mnene". Gari la kahawia, kumbe Mkunga hakuwa akitaniwa.

Kaka yangu haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Ameishi hivyo, amekuwa fundi umeme bora kuliko mimi akiwa hivyo, kwa vidole vyake na mafundo yake. Na ile jioni ya homa nilikuwa nimeyafungua mafundo yake yote, moja moja, kwa sababu yalionekana machafu, nikaweka tepu zangu nzuri za rangi. Moshi ule ulikuwa wangu. Nikalia pale pale sakafuni, miguu ikiwa nje, na mwenye gereji ya pili akapita akaniuliza kama nimepigwa shoti. Nikamwambia aende zake.

Nilitengeneza nyaya mpya siku nzima ya Jumanne. Nilikata kwa urefu ule ule, nikachomelea viungo vya kati kwa risasi iliyoyeyushwa, nikaacha ncha wazi. Kisha nikapiga mafundo: moja, mawili, matatu. Vidole vyangu havikuzoea, nilirudia mara nyingi. Jumatano asubuhi nikazikunja zote, nikaziweka mfukoni, nikapiga moyo konde nikaenda mtaa wa tatu.

Kaka siku hizi anasuka viti. Nilimkuta barazani amekaa chini, kiti kiko mbele yake kimepinduliwa, anavuta kamba ya plastiki na kuikaza. Viti vyote barazani vilikuwa vyeupe, kamba nyeupe tupu. Wifi aliponiona mlangoni alifungua mdomo, akaufunga, akasema anakwenda kuangalia sufuria. Hakuna sufuria iliyokuwa ikiita.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yakaniishia. Nikakaa chini mbele yake, nikasema, "Lile gari la mwenye duka. Mafundo niliyafungua mimi."

Akavuta kamba, akaipitisha chini ya ubao, akaikaza.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nani mwingine? Paka?"

"Miaka sita unajua, kaka, na umenyamaza! Mimi nikakutukana mbele za watu, nawe ukanyamaza! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniuliza mafundo ni ya nini." Akaiachia kamba. "Hebu fikiri. Fundi umeme, nyekundu na kijani kwake ni mtu na pacha wake. Nani atamwachia gari? Nilipoziona tepu zako asubuhi ile sikujua nishike ipi. Kukuuliza mbele ya yule mteja sikuweza. Nikabahatisha."

"Ungeniuliza mimi pembeni."

"Wewe una pembeni?"

Mimi nikiambiwa siri asubuhi, saa sita barabara nzima inaijua, si kwa umbea, kwa sauti tu.

"Nani anajua?" nikauliza, na safari hii nilijitahidi kunong'ona.

"Wifi yako. Ndiye anayeninunulia nyanya."

Kutoka ndani, wifi akacheka kwa sauti. Alikuwa nyuma ya mlango muda wote.

Nikasema, "Kaka, nisamehe." Neno hilo sijapata kumwambia mtu, wala mume wangu hajawahi kulisikia. Lilitoka likikwaruza. "Nilikuvunjia heshima, na kosa lilikuwa langu. Nimekukosa sana pale kazini."

Akakisogeza kando kile kiti. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyokuwa akifanya zamani akitaka spana. Nikatoa zile nyaya mfukoni nikampa. Hakuzitazama. Alifumba macho akazipitisha vidoleni, fundo moja, mawili, akafika kwenye matatu, akakomea hapo.

"Hili limelegea," akasema. "Nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Mimi sikufundisha hivi." Akalifungua, akalipiga upya mbele ya macho yangu, polepole, mara mbili, ili nione. Halafu akamwita mkewe amletee viatu.

Tulirudi kwa miguu. Watu wa gereji saba wakajifanya wana shughuli nyingi. Kaka aliingia chini ya dashibodi ya Mkunga kwa shida kidogo, magoti si yale ya zamani, nami nikawa namshikia taa na kumpa vifaa. Fundo moja kwa fundo moja, mawili kwa mawili, matatu kwa matatu. Nilifunga domo langu mpaka mwisho, kazi ngumu kuliko zote nilizofanya wiki ile. Redio ikapanda mahali pake, nati zikakazwa, vifungo vikarudi. Nikaunga betri. Kaka akazungusha kifungo cha sauti, kikalia kidogo, kisha sauti ya mtu ikajaa ndani ya gari ikisoma habari za hali ya hewa. Kesho mvua. Tukaisikiliza yote kana kwamba tuna mashamba.

Mkunga alipokuja kuchukua gari lake alimshika kaka mkono, hakumuuliza alikuwa wapi. Aliwasha, akaongeza sauti, akatoka barabarani taratibu huku akitupungia.

Kaka akavuta kigoda chake. Akautikisa mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaona yote mizima, akakaa. Macho yake yalikuwa bado yanalifuata lile gari.

"Mdogo wangu," akasema, "lile gari hasa lina rangi gani?"

Miaka hamsini na zaidi nimekuwa mdogo wake, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza la namna hiyo.

"Kijani, kaka," nikasema, kwa sauti ya chini.

Akatikisa kichwa. "Na mimi miaka yote namwambia la kahawia. Mbona hakunisahihisha?"

"Alidhani unamtania."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akanyoosha kiganja chake, nami nikampa spana.