Nyuma kwa Pointi Kumi na Saba

Mabegi yalikuwa yameshapakiwa basini kabla mpira haujarushwa. Verna Stidham aliyaona alipokuwa akitafuta pa kuegesha gari nyuma ya ukumbi. Dereva alikuwa ameinua kifuniko cha tumbo la basi, na mabegi ya wachezaji wa Chuo cha Laurel Fork yalilala humo moja juu ya jingine, la kocha likiwa juu kabisa. Funguo za hoteli walikuwa wamezirudisha asubuhi. Ndivyo zinavyofanya timu dhaifu kwenye mashindano haya ya mpira wa kikapu ya kufunga msimu: ukifungwa leo, unarudi kwenu leo. Ukishinda, unashusha begi na kurudi mapokezi ukicheka, lakini Laurel Fork hawakuwa wameshusha begi hata mara moja katika miaka minne ambayo mwanawe Colton alikuwa pale.

Vyuo vilikuwa vinane, na kati ya vyote hivyo ni bingwa peke yake angekwenda kwenye mashindano ya taifa. Laurel Fork waliingia wakiwa wa nane. Mpinzani wao wa kwanza alikuwa Chuo cha Calder, vinara wa msimu, ambao walikuwa wameshawafunga mara mbili mwaka huu, mara ya pili kwa tofauti ya pointi thelathini na moja. Mtu yeyote mwenye akili timamu alijua mwisho wa mchezo ule, na Verna alikuwa na akili timamu. Ndiyo maana alikuja.

Colton, mtoto wake wa pekee, alikuwa mtu wa mwisho kwenye benchi. Hakuna aliyemwita chuoni kuja kucheza. Mwaka wake wa kwanza alijipeleka mwenyewe mazoezini akaomba ajaribiwe, na kocha Hruska akambakiza kwa kuwa ni mrefu na hachoki kutumwa. Mtu wa mwisho ana wakati wake wa kuingia uwanjani, nao ni pale mchezo unapokuwa umeshakufa na hakuna tena cha kuharibu. Kwa miaka minne Colton alikuwa amecheza dakika ishirini na mbili, na mama yake hakuwa ameona hata moja.

Si kwamba hakutaka. Timu ilicheza Alhamisi na Jumamosi, na siku hizo zote mbili zilikuwa ndani ya zamu za Verna katika chumba cha kufulia cha hospitali, huko kwao milimani mashariki mwa jimbo la Kentucky. Mwezi uliopita wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliagwa, wakapewa heshima ya kuanza mchezo, na kila mmoja akamkabidhi mama yake maua katikati ya uwanja. Siku hiyo Verna aliomba ruhusa na akapewa, kisha theluji ikafunga barabara, akakaa ndani ya gari kwa saa nne akitazama matako ya lori. Maua Colton alimpelekea nyumbani baada ya wiki, yakiwa yameshasinyaa. Bado yalikuwa kwenye glasi juu ya jokofu.

Basi habari kwamba watakutana na Calder ilipotoka, na chuo kizima kikaingia msiba, Verna alikuwa anakunja mashuka na moyo wake ukaruka. Wakifungwa vibaya, Colton ataingia. Aliona aibu papo hapo, akaendelea kukunja. Lakini jioni ile ile alimpigia mwenzake simu wabadilishane zamu.

Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana, saa ambayo watu wengi wako kazini, na viti vingi vya ukumbi vilikuwa vitupu. Bendi ya Calder ilikuwa inapuliza tarumbeta kana kwamba wameshabeba kombe. Verna alikaa na wazazi wa Laurel Fork, wote wakiwa na fulana za kijani, na mara akasikia mkono mzito begani.

"Dada Verna! Leo umetoroka kazini?"

Alikuwa Otis Tolliver, kinyozi mwenye kifua kama kabati, baba yake Jarvis. Jarvis ndiye aliyekuwa roho ya timu.

"Sijatoroka. Nimebadilishana zamu."

"Umesafiri saa tano kuja kuona tukichinjwa?"

"Nani kasema tutachinjwa?"

"Redio, magazeti, na mke wangu. Yeye kabaki nyumbani. Anasema msiba ataupokea kwa simu."

Verna akacheka. Akajisikia mwongo kucheka naye, maana yeye msiba ule alikuwa ameuendea mbio.

Mchezo ulianza kama ulivyotabiriwa. Calder walikuwa warefu, na walikuwa wanapasiana mpira bila haraka. Hadi mapumziko Laurel Fork walikuwa nyuma kwa pointi tisa, na kipindi cha pili kilipoanza pengo likawa kumi na moja, likawa kumi na nne. Kila Calder walipofunga, Otis aliguna na Verna akampigapiga mgongoni akisema pole. Mkono ulisema pole, lakini moyo ulikuwa unahesabu. Jarvis alipokosa kikapu cha wazi kabisa, Verna alishusha pumzi, kisha akaangalia pembeni kama kuna aliyemsikia. Hakuwa amejua kwamba ana unafiki wa namna ile ndani yake.

Zikiwa zimebaki dakika nne, ubao ulisomeka sitini na tisa kwa hamsini na mbili. Pointi kumi na saba. Kocha Hruska alitazama saa, akageuka, akanyoosha kidole mpaka mwisho wa benchi.

Colton hakuamini. Alijigusa kifua kuuliza, kisha akavua fulana ya mazoezi kwa pupa hata kichwa kikanasa. Chini yake ilikuwa jezi ya kijani, namba thelathini na moja, bado ina mikunjo ya kabatini. Alikimbia hadi kwenye meza ya makarani, akataja namba yake, akapiga goti kusubiri. Mchezaji wa akiba haingii mpira ukiwa unachezwa. Husubiri usimame: refa apulize, au mpira utoke nje.

"Otis! Mwanangu anaingia!" Verna alikuwa ameshatoa simu na kuanza kurekodi.

"Namwona, dada," Otis alisema. "Haya, mpige picha." Sauti yake ilikuwa imechoka. Kwake, kijana yule kupiga goti pale kulikuwa na maana moja tu, nayo si ya kupigiwa picha.

Mpira haukusimama. Mchezaji wa Calder alipasia kwa uvivu, Jarvis akaupora, akakimbia nao peke yake na kufunga. Calder wakarudisha mpira mchezoni, ukaporwa tena, na safari hii Jarvis akarusha kutoka mbali: pointi tatu. Colton, goti chini, akapiga makofi. Calder wakakosa. Kijana mwingine wa Laurel Fork akarusha kutoka pembeni, pointi tatu nyingine, na ule ukumbi mtupu ukaanza kunguruma. Colton hakupiga makofi tena. Alikuwa anamtazama refa.

Kocha wa Calder ndiye aliyesimamisha mchezo, akaomba muda azungumze na vijana wake. Pengo sasa lilikuwa pointi tisa. Colton akasimama upesi na kwenda kwenye duara la wenzake, uso unawaka. Verna alikuwa bado anarekodi. Muda ulipokwisha, wale wale watano wakarudi uwanjani. Colton akapiga hatua moja kuwafuata, na kocha, bila kumtazama, akamwekea kiganja kifuani. Hakumsukuma. Alimwekea tu, kama mtu anayefunga mlango wa kabati huku akiwaza jambo lingine.

Colton akaiokota fulana yake sakafuni, akaivaa, akarudi mwisho wa benchi.

Verna alizima simu. Wazazi wote walikuwa wamesimama wanapiga kelele, hata bibi mmoja wa fimbo aliyelala kipindi cha kwanza chote. Pengo likawa saba, likawa tano. Otis alikuwa anaruka na sakafu ya jukwaa inaruka naye.

"Simama, dada! Hiki kitu kinawezekana! Umegandishwa na nini?"

Hakusimama. Alikuwa na hasira na kila kikapu kilichoingia, hasira ya kitoto, na alijua kabisa ni ya kitoto na haikupungua. Jarvis alifunga tena na Verna akamchukia, kijana mpole ambaye alikuwa ameshakula mezani kwake. Wangeweza kuyafanya haya muda wowote wa msimu, aliwaza. Miaka minne mnafungwa, mmechagua dakika nne hizi.

Hakuuona uwanja tena kwa migongo ya watu. Kupitia upenyo chini ya kiwiko cha Otis aliliona benchi tu. Zilikuwa zimebaki sekunde sita, sabini na moja kwa sabini, Calder mbele kwa moja, na mpira ni wa Laurel Fork. Wachezaji wa akiba walikuwa wamesimama mstari mmoja, kila mtu ameunganisha mkono na wa jirani yake. Colton alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikwa, wa kulia haukuwa na wa kuushika, unaning'inia. Na alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Hapo ndipo Verna aliposimama. Kitu fulani kilimwachia kifuani, akamshika Otis mkono, akapaza sauti kuliko alivyowahi kupaza tangu amzae mtoto yule. Uingie. Mungu wangu, uingie tu. Hakutaka tena kitu kingine. Wakashushe mabegi, wakalale hoteli, Colton akae kwenye lile benchi kesho, na keshokutwa, na akae tu maisha yake yote ikibidi, mradi huo mpira uingie.

Jarvis alirusha. Mpira uligonga ringi, ukaizunguka mara mbili, ukatoka. Honi ikalia.

Kwa muda Otis hakuuachia mkono wake. Alikaa taratibu, na lile jitu zima likafunika uso kwa kofia na kulia.

Wangefungwa kwa kumi na saba, Colton angecheza dakika nne. Walifungwa kwa moja.

Kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, mzee Pruitt, mtunza vifaa, alikuwa amesimama na mfuko mkubwa wa turubai. Kila mchezaji aliyetoka alitumbukiza jezi yake humo. Jarvis alipita na macho mekundu, akasema, "Shikamoo, mama," akaenda zake. Colton alitoka wa mwisho. Nywele zake zilikuwa kavu, na sweta alikuwa amelivaa juu ya jezi.

"Umekula?" Verna aliuliza, maana lazima pawepo neno la kuanzia.

"Bado."

"Mkate wa mahindi uko garini."

"Nitaubeba. Kocha anataka wote turudi na basi."

Wakasimama wakitazama ukuta. Kwa mbali bendi ya Calder ilikuwa bado inapuliza.

"Nilikuona, Mama."

"Wapi?"

"Tulipokuwa tunawafukuzia. Watu wote wamesimama, wewe umekaa."

Verna angeweza kusingizia miguu. Miguu yake kweli ilikuwa mibovu. "Mwishoni nilisimama," alisema.

"Mwishoni sikuwa naangalia."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliuma. Colton alikuwa anachezea mkono wa sweta.

"Unajua pale mezani?" kijana alisema. "Nimepiga goti, Jarvis anapora mpira, watu wanapagawa, na mimi naomba filimbi. Puliza, mzee, puliza. Ningeweza kumnyang'anya nikapuliza mwenyewe." Alijaribu kucheka. "Miaka minne, Mama. Kila tukiachwa pointi kumi na tano, miguu yangu inapata moto. Wenzangu wanaumia, mimi nakunja soksi tayari kuingia. Sijawahi kumwambia mtu."

"Basi umerithi kwangu."

Sasa alicheka kweli, kidogo, kisha uso ukamharibika, akaugeuzia ukutani. Verna alimweka mkono mgongoni. Kupitia sweta aliusikia uti wa mgongo, mrefu, bado wa mtoto.

"Stidham," mzee Pruitt aliita kwa upole. "Jezi, kijana wangu. Basi linangoja."

Colton akavua sweta, akavua jezi, akalirudisha sweta mwilini na kuikabidhi. Mzee akaipapasa kwa vidole viwili, na uso wake ukaonyesha nafuu ya mtu aliyepunguziwa kazi.

"Hii haijaloa. Niiweke pembeni hapa, itaingia kabatini moja kwa moja."

"Sawa," Colton alisema.

"Nipe," Verna alisema.

Mzee akampa, akidhani anataka kuitazama. Verna alikuwa amefua nguo za watu kwa miaka kumi na tisa, na vidole vyake vilizikuta alama za pasi pale pale zilipoachwa. Aliinamia mfuko na kuupanua mdomo. Harufu ya jasho ikampiga usoni. Akaisukuma jezi ndani, mkono ukazama hadi kiwiko, hadi chini kabisa zilikokuwa zile nzito zaidi, akazivuta na kuifunika kwazo. Kisha akakandamiza kwa mikono yote miwili, kwa uzito wake wote, akakaa hivyo hadi alipohisi kitambaa kimeanza kulowa.

"Ifueni na zingine," alisema.

Mzee Pruitt alimtazama, akamtazama Colton, halafu akafunga kamba ya mfuko na kuutia begani. Mama na mwana wakamfuata nje, kulikokuwa na basi, na Verna hakuifuta mikono yake.