Siku ya Kumwona Kipupwe

Povu lilikuwa jeupe na jepesi, likichuruzika puani mwa Kipupwe kama la pombe ya ulezi inayochacha. Mwenye farasi, Bwana Isdori, alisimama mlangoni mwa banda, simu ikiita mkononi. Wageni waliokuja kumwona farasi walikuwa wamekwishapita mji wa Laela, karibu kufika.

"Atasimama, Silvana?" aliniuliza.

Nilikuwa nimekipakata kichwa cha farasi, na vile vishimo vya juu ya macho, ambavyo kwa farasi mzima huwa vimebonyea, vilikuwa vimevimba, vimejaa.

Nilikitambua kipaji chake akiwa bado ananyonya. Bwana Isdori alitaka kumuuza akavute mkokoteni, maana alikuwa mwembamba, miguu mirefu kama ya korongo. Asubuhi moja ya baridi tulimvusha mama yake mfereji, yeye akabaki ng'ambo. Mtoto mwingine angelia. Huyu alitulia, akaupima kwa macho, akakunja miguu ya mbele hadi kifuani, akaruka. Alitua bila kishindo, kama mtu aliyechelewa misa anavyoketi benchi la nyuma.

"Huyu hauzwi, bosi," nikasema.

Nilimlea polepole. Kwanza magogo yaliyolala chini, kisha viunzi vya mianzi, mwishowe viunzi vilivyonifika kidevuni. Sikumchapa hata mara moja. Picha zake zikafika Nairobi, na timu moja ya mashindano ikaahidi kuja kumwona, ikimpenda imnunue. Baba yangu, mkulima wa Izia asiyewahi kuielewa kazi yangu ya kufundisha farasi kuruka, alitoa nia ya misa ya shukrani.

Halafu mvua zikagoma kuisha. Visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, wakajaa mabondeni, wakaja na ugonjwa wao unaojaza maji mapafu ya farasi. Chanjo tuliyoagiza ilikwama njiani. Daktari wa mifugo alimsikiliza Kipupwe mapafu, akavua kofia.

Kipupwe alikata roho wageni wakishuka garini. Mama mmoja mrefu akachungulia bandani.

"Poleni sana," alisema. "Kuna wengine?"

"Wapo," akajibu Bwana Isdori. "Silvana, watoe."

Nikawatoa. Nikawarusha viunzi mmoja baada ya mwingine, povu likinikaukia kwenye gauni. Yule mama alinishukuru kwa heshima, wakaondoka bila kuchagua hata mmoja, kabla chai haijachemka.

Bado nipo hapa. Kila mwaka wanazaliwa watoto wa farasi, na Bwana Isdori huja kuegemea uzio kando yangu.

"Umemwona mwingine kama yule?"

"Wana afya, bosi," namwambia. "Wananyonya vizuri."