Gari Linalofika Kabla ya Kuondoka

Jumamosi moja mkunga alimwachia mumewe gari alioshe. Alirudi kutoka zamu ya asubuhi akakuta paa la gari lake limeegemezwa ukutani, kuku watatu wamejikinga jua chini yake. Kiti cha nyuma kilikuwa uani, mama mkwe amekikalia anachambua mboga. Uvunguni mwa gari ilitokeza miguu ya mumewe.

"Nani kakwambia ukate gari langu?"

"Nilitaka nikushtue," ilijibu miguu.

Lilikuwa gari dogo la watu wa kawaida, halinywi mafuta, kazi yake kumpeleka hospitali na kumrudisha. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliamua kwamba ndani yake mmefungiwa gari la mbio. Akili ni nywele. Miezi miwili alikata na kuunga. Boneti aliifanya kwa milango miwili ya friji, ikawa baridi kutwa, na mama mkwe akawa anaweka maziwa juu yake.

Siku ya majaribio lilifika kwa kinyozi dakika kumi kabla ya kutoka nyumbani. Ukikanyaga mafuta kidogo unafika asubuhi ileile; ukikanyaga sana unafika juzi. Kurudi, unatia gia ya nyuma. Mtaa haukushangaa, maana gari la mbio si ndiyo kukimbia? Trafiki alilisimamisha, akaona saa haziendani, akaandika kosa la waipa.

Mume na kinyozi wakawa wanalitumia kuitazama tena mechi ya juzi. Timu yao ilifungwa kila mara.

Mkunga alikuwa anakwenda kazini kwa miguu, mwendo wa saa nzima. Alishapewa barua mbili za onyo kwa kuchelewa. Ya tatu ni ya kufukuzwa.

"Si unipeleke wewe basi?"

"Gari la mbio halipelekwi kazini, mke wangu. Litaharibika tabia."

"Mwache mwanangu, ana kipaji," alisema mama mkwe akichukua maziwa yake.

Jamani, hata mkunga ana kikomo. Asubuhi moja mume akiwa bafuni, alichukua ufunguo. Hospitali hakwenda. Dawa ya jipu ni kulitumbua: alikanyaga mafuta mpaka sakafuni, akafika uani kwake miezi mitatu nyuma, Jumamosi ileile, saa tatu asubuhi.

Gari lake lilikuwa pale, zima, paa juu, khanga yake imekunjwa kwenye kiti cha nyuma. Lilimtia uchungu akataka kulia. Mumewe alisimama kando yake, grenda ya kukatia chuma mkononi.

"Zima hiyo mashine."

"Mbona haijawaka?"

"Basi usiiwashe. Hilo gari ni langu. Kabla hujalikata, niulize."

Mume hakuwa akimtazama. Alilizunguka gari alilokuja nalo mkewe, akachuchumaa, akachungulia chini, akaipapasa boneti.

"Hii ni milango ya friji?"

"Ndiyo. Nimesema niulize!"

"Haya, nakuuliza. Linakimbia?"

Mkunga hakuwahi kusema uongo, hata kwa mgonjwa.

"Linakimbia."

"Nilijua tu!" Mume alimwita mama yake aje kuona, kisha akawasha grenda.

Mkunga akatia gia ya nyuma. Alirudi leo, mumewe bado anajimwagia maji, akaning'iniza ufunguo msumarini, akashika njia kwa miguu. Alichelewa dakika arobaini.

Barua ya tatu ilikuwa mezani. Msimamizi wa wodi alimwuliza ana lipi la kujitetea, na mkunga, kwa hasira, akamweleza yote tangu kuku mpaka grenda. Msimamizi alisikiliza vizuri sana, bila kumkatiza. Akaigonga barua muhuri, akamkabidhi.

Halafu akafunga mlango, akamwuliza kwa sauti ya chini kama mumewe anaweza kumtengenezea na yeye moja, maana mke wake ana kigari kama kile, na Jumamosi huwa hayupo nyumbani.