Chini ya Wastani

Hivi wewe ukisikia redio inasema mwaka huu mvua itakuwa chini ya wastani, utacheka? Mzee Mughwai wa Sepuka alicheka, huku anachambua mbegu za mahindi kwenye ungo.

"Wastani! Mimi shuleni nilikuwa chini ya wastani miaka yote saba, na ugali nakula mpaka leo."

Mkewe Rahel hakucheka. Mwaka juzi walipuuza utabiri huohuo, mahindi yakakauka yakiwa yamefika magotini, wakaenda kuomba chakula kwa shemeji yake kule Ihanja. Lakini kwao mbegu huchaguliwa na mwanamume.

Mughwai alipochukua jembe, Rahel akaushika ungo.

"Baba Nathan, mimi nataka tupande uwele, hauhitaji mvua nyingi."